Mtaro Alioufunga Baba

Ng'ombe wetu wa maziwa alizama katika ardhi kavu. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi, jua linawaka, hakuna tone la mvua lililokuwa limeanguka tangu Krismasi, na mimi nilikuwa nimesimama hatua kumi nyuma yake nikiwa nimeshika kamba ya ndama. Alikuwa anavuka kile kipande cheusi chenye nyasi fupi, chini ya shamba letu la chai, kama alivyokivuka kila siku. Udongo ukapasuka chini yake kama ukoko wa ugali. Miguu ya mbele ikaingia mpaka magotini, halafu kifua, halafu akalia.

Nilikuwa nimewahi kusikia ng'ombe akilia wakati wa kuzaa, na nimewahi kumsikia akilia wakati wa kuchinjwa. Sauti ile haikufanana na hizo. Niliacha kamba ya ndama nikakimbia kumsaidia, nikidhani amevunjika mguu. Joto likanipiga usoni kabla sijafika. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka pembeni mwa mbavu zake, na pale udongo ulipopasuka niliona wekundu, kama ule wa jiko la makaa mtu akilipuliza. Chini ya ardhi ile, chini ya nyasi tulizokuwa tukilishia ng'ombe, kulikuwa na moto.

Mama alinifikia mbio akanivuta kwa gauni.

"Usikanyage hapo! Rudi nyuma! Rudi kwa alama za miguu yako!"

Wanaume walikuja na kamba na mbao. Walimtoa, lakini walipomtoa hakuna aliyetaka kumtazama miguu. Baba alimchinja palepale, kwa huruma, jirani mmoja akimsaidia kushika kisu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nafundisha chekechea ya kanisa letu, nilijiona mtu mzima. Nilikaa chini kwenye mpaka wa chai mpaka mchana.

Inabidi nieleze tulifikaje hapo. Baba alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika mashamba makubwa ya chai upande wa Kericho, akapanda hadi kuwa nyapara wa mitaro. Chai haipendi kusimama ndani ya maji, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kuutazama mteremko, kuamua maji yapite wapi, na kuwapanga watu wachimbe. Alikuwa anajua kazi hiyo vizuri mno. Alipostaafu akarudi nyumbani kwetu Bomet, upande wa kuelekea Merigi, kitu cha kwanza kilichomkera kilikuwa kinamasi kilichojaa mafunjo chini ya shamba letu. Nyumbani tulizungumza Kikipsigis, lakini mambo ya kazi baba aliyasema kwa Kiswahili cha mashambani, na huku kwetu b mara nyingi hugeuka p.

"Maji imelala pure kapisa," alisema. "Hata ng'ombe haiwezi kulala hivyo."

Nilikuwa bado shule ya msingi alipouchimba mtaro mkubwa. Upande wa chini, kinamasi kilikuwa kimezuiwa na kizingiti cha mawe na udongo mgumu wa murramu, kitu ambacho hakuna mtu aliyekiweka, kilikuwepo tu. Baba alikivunja kizingiti hicho kwa sururu, yeye na watu aliowaita, na maji yakatoka kwa siku kadhaa, meusi, yakinguruma. Nakumbuka kambare wakirukaruka kwenye matope na akina mama wakiwaokota kwa beseni. Nakumbuka pia kwamba watu walimsifu. Tulipanda kabeji na nyasi ya napia, na katikati akapanda miti ya blugamu, kwa sababu kiwanda cha majani chai kilihitaji kuni na miti hiyo hukua haraka.

Ukingo wa juu wa kinamasi, uliokauka vizuri kuliko kwingine, aliwauzia mume na mke waliotoka milima ya upande wa Kisii. Mume alikuwa fundi cherehani. Walijenga nyumba ya mabati, wakapanda migomba nyuma, wakalea watoto wao hapo mpaka wakaolewa. Kisha fundi akaugua akafa, na mkewe akamzika nyuma ya nyumba, upande wa juu. Tangu hapo aliishi peke yake. Mama alimpenda sana. Walikuwa wakichuma chai pamoja, kila mmoja akisema Kiswahili chake, wakicheka makosa ya mwenzake.

Kitu kimoja tu kilikwenda vibaya, na kilikwenda polepole mno hata hatukuona kwamba ni kitu kimoja na mtaro. Chemchemi iliyokuwa chini ya kizingiti, ambayo boma zote za mteremko wetu zilichota maji, ilianza kupungua. Mwaka hadi mwaka ikawa nyembamba. Halafu asubuhi moja mama alirudi na mtungi mtupu, akauweka chini mlangoni, akasema, "Imeisha." Kuanzia siku hiyo wanawake walishuka mpaka mtoni, mteremko mrefu, na kupanda tena na mitungi mgongoni.

Moto ulianza kiangazi kile cha mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mtu mmoja aliyekuwa na shamba dogo la viazi kwenye kinamasi alichoma mizizi ya mafunjo ili asafishe. Moto wa juu ulizimika jioni hiyo hiyo. Wa chini haukuzimika, na hatukujua kwamba kuna wa chini, mpaka ng'ombe wetu alipotuonyesha.

Baada ya hapo kila siku ilikuja na lake. Tulimwaga maji ya mtoni, tukibeba siku nzima, na moshi ukatokea mahali pengine. Mama alikohoa. Niliwakataza watoto wa chekechea wasipite njia ya mkato ya kinamasini. Siku moja, hakuna upepo hata kidogo, nilikuwa nimesimama na baba tukitazama blugamu zake, na mti mmoja mkubwa ukalala chini. Haukulia wala haukuvunjika. Ulilala tu, kama mtu aliyechoka, na mizizi yake ilipotoka juu ilikuwa imeliwa ikabaki vijiti vyeusi. Baba aliweka mkono mdomoni akauacha hapo.

Bwana shamba alikuja kutoka ofisi ya kilimo ya Bomet, kijana mpole aliyevaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Alikuwa na fimbo ndefu ya chuma. Aliichoma ardhini karibu na kabeji, akahesabu kimyakimya, akaichomoa, akamwambia baba aguse. Baba aligusa akauvuta mkono haraka.

"Mzee, hii udongo si udongo," bwana shamba alisema. "Ni majani na mizizi iliyolala ndani ya maji miaka mingi sana. Maji ndiyo ilikuwa inaichunga. Mlipotoa maji, mkabaki mnakanyaga kuni."

"Sasa nifanye nini?"

"Rudisha maji."

Baba alicheka. Alicheka kwa sauti, akamtazama mama, akanitazama mimi, kama anayetafuta mtu wa kucheka naye.

"Huu mtaro nimechimba mimi," alisema. "Mimi! Watu walitoka Kapkatet kuja kuuona."

"Najua, mzee. Ndiyo maana nakuambia wewe."

Baba aliingia nyumbani akafunga mlango. Siku tatu hakwenda popote. Alikaa kwenye kiti chake akitazama ukuta, na chakula alikigusa kidogo tu. Siku ya nne, kumekucha, mama alinishtua kitandani.

"Baba yako yuko chini mtaroni. Nenda uone. Mimi nimeogopa."

Nilishuka mbio na kanga mabegani. Alikuwa amesimama ndani ya mtaro wake, pale chini kabisa alipokivunja kizingiti, anajaza udongo kwenye gunia la mbolea. Alikuwa analia. Machozi yalishuka mpaka kidevuni na hakuyafuta. Sikuwahi kumwona baba akilia, hata alipomzika mama yake, na sikujua mtoto anapaswa kufanya nini akiona hivyo. Nilisimama kwenye ukingo wa mtaro.

"Usisimame tu," alisema bila kunitazama. "Shika gunia."

Nikashika gunia.

Tulifanya kazi wiki tatu. Alizikata blugamu zote zilizobaki, yeye mwenyewe, na akatumia vigogo vyake kuwa nguzo. Majirani wawili waliokuwa na mboga kwenye kinamasi walikuja kugomba, lakini moshi ulikuwa umeshafika kwenye vitunguu vyao, wakaishia kusaidia. Magunia yetu mengi yalikuwa yametoboka. Mjane wa fundi aliyaona, akachukua sindano ya magunia na uzi wa katani, akakaa kwenye gogo juu ya mtaro, akashona. Alishona siku zote hizo. Vidole vyake vilikwenda haraka kama vya marehemu mumewe, na mama alimletea chai palepale alipokaa.

Mvua za Aprili ziliposhuka, ukuta wetu wa magunia ulisimama siku mbili. Siku ya tatu ulipasuka. Tulisikia mlio kama wa lori linalomwaga kokoto, na tulipofika chini tukakuta magunia yametawanyika hadi karibu na mto. Watu walicheka, na baadhi yao walikuwa wamekuja kutoka mbali ili wacheke. Baba alishuka akauchunguza mtaro toka juu hadi chini, taratibu, akipima kwa nyayo.

"Nimefunga kama mtu hajui maji," alisema. "Nimefunga mdomo peke yake. Maji imekuja na mbio yote, lazima ivunje. Tutafunga ngazi kwa ngazi, toka juu. Ikifika chini iwe imechoka."

Tukaanza upya. Ukuta mdogo, hatua thelathini, ukuta mwingine, mpaka chini, na kwenye kizingiti tukarudisha mawe yaleyale aliyoyavunja zamani, maana yalikuwa bado yamelala pembeni. Safari hii mvua ilipokuja, maji hayakupiga kelele. Yalijaa nyuma ya ukuta wa kwanza, yakafurika polepole kwenda pembeni, yakaingia kwenye ardhi. Na ardhi ikapiga mlio. Hata leo nikiweka sufuria ya moto kwenye maji baridi nashtuka. Kinamasi kizima kilikuwa kinasema *ssss*, hapa, pale, chini ya miguu yetu, na mvuke mweupe ukapanda mpaka kwenye chai. Mama aliimba wimbo wa kanisani. Bwana shamba, ambaye alikuja na baiskeli akiwa amelowa mwili mzima, alimshika baba mkono akautikisa mpaka kofia ikaanguka.

Wiki mbili hakuna moshi. Wiki ya tatu tukasikia chura. Tulilala vizuri.

Kisha ikaja ile Jumamosi. Nilikuwa nakwenda kuchuma chai, kikapu mgongoni, nikamsikia mjane akiniita. Hakupiga kelele. Aliniita kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

"Mwalimu. Kuja uone jikoni kwangu."

Niliingia. Mafiga yake matatu yalikuwa yamesimama ndani ya maji. Kati ya mafiga, pale anapowasha moto kila siku, maji yalikuwa yanabubujika kutoka ardhini, baridi na safi, yakileta majivu juu. Sufuria ndogo ilikuwa inaelea ikizunguka. Nilitazama mlangoni, nikaona sehemu yote ya mbele ya kiwanja chake inang'aa kwa maji. Tulikuwa tumekitazama kinamasi kikijaa tukishangilia, na sikumwona yeyote akigeuza kichwa kutazama kinajaa mpaka wapi.

"Hii maji imetoka wapi?" aliniuliza.

Nilijua yametoka wapi. Niliinama nikaiokota sufuria.

Tulibeba vitu vyake mpaka kwetu, godoro, cherehani ya marehemu, kabati la vyombo. Habari ilienda haraka. Nilipofika dukani kununua mafuta ya taa, wanaume walikuwa wamekaa kwenye benchi wakiizungumza, na mmoja alisema kwa Kikipsigis, akicheka, "Maji yamemfukuza yenyewe. Sisi hatukumgusa." Wengine wakacheka.

Lazima niseme miaka ile ilikuwaje. Si mbali na sisi nyumba zilikuwa zimechomwa, na watu walikuwa wameanza kuulizana nani ni wa hapa na nani si wa hapa, watu waliokuwa wamechuma chai safu moja miaka yote. Kwetu hakikutokea kitu, na mimi nilidhani ni kwa sababu kwetu watu ni wema. Yule aliyesema maneno yale ndiye aliyekuwa akituongoza kwa maombi kila Jumapili. Ndiye aliyeomba kwenye kaburi la fundi. Nilimtazama usoni, naye akanitazama, akaendelea kutabasamu kana kwamba na mimi nitacheka. Niliacha mafuta kaunta. Sikumbuki nilivyofika nyumbani.

Nilimkuta mjane amesimama uani mbele ya baba. Mama alikuwa mlangoni.

"Mzee," mjane alikuwa anasema, "nakuuliza kitu moja tu. Siku ile ulituuzia pale, mimi na marehemu, ulijua zamani maji ilikuwa inafika wapi?"

Baba alikuwa ameshika kofia. Nilimsubiri aseme hapana. Nilikuwa na hakika atasema hapana, kwa sababu nilimjua baba yangu. Mtu aliyepima mtaro kwa nyayo, aliyekwenda kanisani kila wiki, asingeweza kumuuzia mtu mahali pa maji.

"Nilijua," baba alisema.

Mama alitoa sauti kidogo, kama aliyechomwa na mwiba.

"Nilijua, mama," alimwambia mjane. "Ilikuwa inafika kwenye ile migomba yako. Lakini mtaro ilikuwa hapo. Nilifikiri mtaro itakuwa hapo milele."

"Na juzi? Wakati unafunga? Wakati mimi nashona magunia?"

Baba aliikunja kofia. "Nilitumaini haitafika," alisema. "Kila siku nilienda kuangalia. Nilitumaini."

Mjane hakumtukana. Angemtukana ningepumua. Alisema, "Ningeenda kwa ndugu zangu leo. Lakini mtu wangu amelala pale. Nitamwacha ndani ya maji?" Akageuka akaingia chumba tulichompa.

Mama alishuka kutoka mlangoni. Alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, aliyemwita baba kwa heshima mbele ya watu siku zote za maisha yao.

"Baba ya watoto," alisema, "usiingie ndani ya nyumba yangu kabla hujajua huyu mama atalala wapi."

Na baba hakuingia. Alishuka kwenye kinamasi, nikamwona kwa mbali akizunguka ukingo wa maji, akisimama, akizunguka tena. Niliogopa kwamba atavunja zile kuta. Kusema kweli, sehemu moja yangu ilitaka azivunje. Ingekuwa rahisi: gunia moja tu, na jiko lingekauka kabla ya Jumatatu. Lakini moto ungerudi kiangazi kinachofuata, na yeye alijua hilo kuliko mtu yeyote.

Alirudi jua likiwa limeshuka, akasimama uani, akamwita mjane atoke nje, akatuita na sisi.

"Maji imesimama hatua nane chini ya kaburi," alisema. "Haitapanda zaidi, kwa sababu kizingiti ni mawe ileile na urefu uleule. Hapo sasa sibahatishi, nimepima. Tutaweka tuta na mawe kuzunguka kaburi, hata mvua ikizidi. Na huku juu ya kaburi, mpaka kwenye njia ya kituo cha kupima majani ya chai, ni chai yangu. Kuanzia leo si yangu. Shamba yako imeshuka kwa maji, nami naipandisha."

Kipande kile kilikuwa chai yake nzuri kuliko yote, aliyoipanda alipokuwa bado nyapara, akija likizo na miche juu ya lori. Ndicho kipande ambacho kaka yangu mkubwa, karani katika shamba moja la Kericho, alikuwa ameahidiwa. Nilimtazama baba nikifikiri labda ni homa.

Asubuhi yake alichukua panga akakata ua wa mpaka, yeye mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Kaka alikuja Jumapili. Alisimama kwenye ule ua uliokatwa, na suti yake ya kanisani, akauliza baba amepatwa na nini. Walisemezana maneno ambayo sitayaandika. Mwishoni kaka alisema, "Unampa mgeni urithi wangu," na baba akajibu, "Nilimuuzia mgeni maji, wewe ulikuwa wapi?" Kaka aliondoka bila kunywa maziwa ya mursik ambayo mama alikuwa amemwekea kwenye kibuyu. Ilipita zaidi ya miaka miwili kabla hajarudi kukaa mezani kwetu, na alipokaa, hakuna aliyeuliza.

Tuliihamisha nyumba ya mjane bati kwa bati. Nilidhani tutakuwa wanne. Lakini siku ya kubeba nguzo walikuja wanawake kumi na zaidi, wale waliokuwa wakibeba maji kutoka mtoni, na wawili kati ya wale wanaume wa kwenye benchi, vichwa vimeinama. Yule wa maombi hakuja. Walijenga tuta kuzunguka kaburi, wakapanda juu yake nyasi za kushika udongo, na mjane akasimama akielekeza kila jiwe, kwa sauti kubwa, na wote wakamtii.

Mwezi wa saba chemchemi ikatoka. Mara ya kwanza ilitoka rangi ya chai ya rangi, ikinuka moshi, na mama akakataa kuichota. Tulidhani imeharibika kabisa. Kila asubuhi alikwenda kuitazama na kurudi na mtungi mtupu. Halafu siku moja akarudi na mtungi mgongoni, umejaa, na akampitishia mjane kikombe cha kwanza juu ya mpaka mpya. Mjane alikunywa, akasema, "Bado kuna moshi kidogo." Wakaanza kucheka, wote wawili, mpaka mama akaketi chini.

Mafunjo yalirudi yenyewe. Hakuna aliyepanda hata moja. Wale ndege wakubwa wenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, ambao nilikuwa nimewasahau tangu utoto, walikuja wawili, wakatembea ndani ya maji kama wakaguzi wa shule.

Mwaka uliofuata, siku ya soko, wazee watatu kutoka bonde jingine walikuja kumwona baba. Na wao walikuwa na kinamasi kilichokaushwa, na kisima kilichokufa, na sasa ardhi yao ilikuwa imeanza kutoa moshi. Mama aliwapa chai. Walieleza mtaro wao una urefu gani, kizingiti kilikuwa wapi, watu wangapi wako tayari na majembe. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Pale pembeni, kwenye ukingo," aliuliza, "nani anakaa?"

Wazee wakatazamana.

"Hakuna mtu wa maana," mmoja akasema. "Kuna mzee mmoja tu, alinunua hapo, si wa kwetu."

Baba aliweka kikombe chini. Alitoka nje mpaka kwenye mpaka wa chai, akampigia mjane mbinja, naye akainua kichwa katikati ya majani.

"Mama," alisema, "vaa gambuti. Kuna mtu tunaenda kumwona kwanza."